Shajara ya mradi: kufuata mifereji ya Wamormoni, kutoka Salt Lake City hadi Iosepa

Januari: ramani mezani

Mwezi mzima umekwisha kwenye kompyuta. Nimezikusanya na kuzipandanisha kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, picha za anga, vipimo vya mwinuko vya laida (vinavyochukuliwa kwa miale ya leza kutoka angani) ambavyo taasisi ya jiolojia ya Marekani (USGS) huvitoa bure, ramani za kwanza za upimaji wa serikali ya shirikisho, na mchoro wa "Mji wa Sayuni" wa Juni 1833. Huo wa mwisho haukai juu ya ardhi yoyote. Nimeuacha uelee pembeni ya skrini kama kipimo cha kulinganishia.

Swali la mradi ni hili: ukisimama leo kwenye mji wa zamani wa Wamormoni katika jimbo la Utah, ni kitu gani pale ardhini kinachokuonyesha dini yao? Akiolojia ya mandhari haiishii kwenye vigae na misingi ya nyumba. Inasoma barabara, uzio, miti, mipaka ya mashamba, hata mahali ambapo hapakujengwa. Jibu ambalo kila mtu analo tayari ni barabara pana na pembe zilizonyooka. Nataka kulipima jibu hilo kabla sijalikubali.

Kwa asiyeufahamu mchoro wenyewe: Joseph Smith, nabii na mwasisi wa dini ya Wamormoni, pamoja na wasaidizi wake Sidney Rigdon na Frederick G. Williams waliutuma kutoka Kirtland, Ohio, kwenda kwa waumini wa Independence, Missouri. Mji ulikuwa na ukubwa wa maili moja mraba. Barabara zote zilikuwa na upana wa futi 132. Kitalu cha kawaida kilikuwa na ekari 10, nacho kiligawanywa viwanja 20 vya nusu ekari kila kimoja. Kila kiwanja nyumba moja tu, ya matofali au mawe, ikae futi 25 kutoka barabarani. Katikati ya mji palitengwa nafasi ya majengo 24 ya ibada na utawala wa kanisa. Mabanda ya mifugo na maghala yawe nje kabisa, na mkulima alale mjini, shambani aende na kurudi. Idadi ya wakazi ilikadiriwa kuwa 15,000 hadi 20,000, na mji ukijaa, uchorwe mwingine kando yake kwa namna ileile, kisha mwingine, mpaka dunia nzima ijae miji ya namna hiyo.

Haukujengwa. Kabla mwaka haujaisha, majirani zao wenye silaha walikuwa wamewafukuza kutoka Jackson County, wilaya ya Independence. Walichoondoka nacho ni karatasi.

Februari: mnyororo wa mpima ardhi

Nimepima vitalu vya katikati ya Salt Lake City kwenye picha za anga. Upande wa kitalu ni futi 660, barabara futi 132, kwa hiyo kutoka kona moja hadi kona inayofuata ni futi 792, kama mita 241. Mgeni anayetembea kwa miguu huyaona makali yake. Unaambiwa ni vitalu vitatu tu, unafika miguu imekufa.

Vipimo hivi husimuliwa kana kwamba vilishuka kutoka mbinguni. Tazama lakini mnyororo aliobuni Edmund Gunter huko Uingereza mwaka 1620, huyo naye akiwa kasisi na mwanahisabati. Urefu wake ni futi 66. Barabara ya futi 132 ni minyororo miwili. Upande wa kitalu ni minyororo 10, na mraba wa minyororo 10 kwa 10 ni ekari 10 kamili, bila sehemu. Tangu 1785 Marekani ilikuwa ikiigawa ardhi ya magharibi kwa miraba hiyohiyo na kwa mnyororo huohuo. Miji mingi isiyo na nabii yeyote ina pembe zilizonyooka vilevile.

Kuna hadithi nyingine inayosimuliwa sana hapa, kwamba Brigham Young, aliyemrithi Joseph Smith na kuwaleta Wamormoni Utah, alitaka barabara pana ili gari la kukokotwa na ng'ombe ligeuke bila dereva kulazimika kutukana. Inachekesha, ila upana huo ulikuwa umeandikwa mwaka 1833, miaka 14 kabla gari lolote la Wamormoni halijaingia kwenye bonde hili.

Kilicho chao kweli ni namna ya kuhesabu. Mnamo Agosti 1847 Orson Pratt, mtume na mwanahisabati, akiwa na Henry Sherwood, alianza upimaji kutoka kona ya kusini mashariki ya kiwanja cha hekalu. Anwani za jiji zima bado zinahesabiwa kutoka pale. 900 West 1300 South maana yake ni vitalu tisa magharibi na kumi na vitatu kusini mwa hekalu. Jirani yangu, mama aliyetoka Kivu na ambaye hana habari na Orson Pratt, alinieleza mwenyewe siku tulipokuwa tukisubiri basi: "Hapa, ndugu, hauulizi mtu njia. Unahesabu tu." Hajawahi kuingia kwenye hekalu hilo wala hana mpango, na kila siku anapima umbali wake kutoka kwalo. Hapo naona dini ndani ya mandhari, kwa sababu inafanya kazi hata kwa asiyeamini.

Nimeongeza safu moja kwenye kanzidata: "kitovu". Kila mji ninaouchora, naandika hesabu yake inaanzia wapi.

Machi: Nauvoo, kwa kifupi

Nauvoo, Illinois, ulianzishwa mwaka 1839. Kama mchoro wa 1833 ungekuwa sheria, ungeonekana pale, maana Joseph Smith mwenyewe alikuwepo, hai, na mamlaka mkononi. Lakini vitalu vya Nauvoo ni vya ekari nne, kila kimoja na viwanja vinne vya ekari moja, na barabara za kawaida zina futi 49 na nusu. Nabii hakuufuata mchoro wake mwenyewe. Alikuwa na madeni ya ardhi ya kulipa, na waumini wapya walikuwa wakiwasili kwa mashua. Hekalu tu ndilo lililopata nafasi yake juu ya kilima, likionekana kutoka mbali kwenye mto Mississippi.

Nauvoo una historia ya pekee katika taaluma hii. J. C. Harrington, mmoja wa waasisi wa akiolojia ya kihistoria nchini Marekani, na mkewe Virginia walichimba pale miaka ya 1960, wakilipwa na shirika lililotaka kuufufua mji kwa ajili ya wageni. Mwanaakiolojia Benjamin Pykles ameandika kitabu kizima juu ya mvutano huo kati ya utafiti na ushuhuda wa imani. Nimejifunza humo jambo la kiutendaji: nyumba iliyorejeshwa siihesabu kama mabaki. Hekalu la Nauvoo lililopo leo ni la 2002. La kwanza liliungua mwaka 1848, na kuta zake zikaangushwa na dhoruba mwaka 1850.

Aprili: Little Colorado

Wiki hizi nimezitumia kumsoma mwanaakiolojia Mark Leone, kwa kuwa huwezi kuigusa mada hii bila kumpitia. Mwaka 1973 aliandika juu ya mipango ya miji na nyua, yaani uzio, za Wamormoni kando ya mto Little Colorado, Arizona. Hoja yake, kwa maneno yangu: ua na mistari ya mji havikuwa picha ya imani tu, vilikuwa vyombo vilivyoiwezesha imani kuishi. Penye upepo, mchanga na mifugo ya jirani, bila ua hakuna bustani. Bila bustani, ahadi ya kulifufua jangwa inabaki mahubiri. Anayejenga ua anaigeuza ahadi kuwa kitu cha kushikika, na watoto wake wanakua wakijua dunia ina vyumba na kila kitu kina chumba chake.

Ni hoja ninayoipenda. Ila nilipoiweka miji yenyewe kwenye ramani, kuna jambo lililonikaa. Mwaka 1876 zilianzishwa kambi nne pale: Sunset, Brigham City, Obed na ile iliyokuja kuitwa Joseph City. Hawa ndio waliojaribu ushirika wa mali kwa ukamilifu. Walilima pamoja na kula meza moja, na ghala lilikuwa moja. Nao hawakuanza na vitalu vya ekari kumi. Walijenga ngome, vyumba vikipanga mstari kuzunguka uwanja wa ndani, kuta nje. Yaani pale ambapo itikadi ilikuwa kali kuliko popote, mchoro wa Sayuni haukuonekana. Na familia zilipoondoka kwenye meza ya pamoja, kila moja ikataka jiko lake, ndipo viwanja vikapimwa.

Obed ulihamwa mapema kwa sababu ya malaria, kwani ngome ilikuwa imejengwa karibu na kinamasi. Mto nao uliyabomoa mabwawa yao mara kwa mara. Joseph City pekee ndio uliobaki.

Kwa hiyo kwenye kanzidata, safu ya "mpangilio" na safu ya "ushirika" sasa haziendi pamoja. Sitaki kuzilazimisha.

Mei: maji

Hapa ndipo mradi umegeuka sura, na nitakaa kidogo.

Nimeyarudia matukio ya Julai 1847 siku kwa siku. Kundi la mbele liliingia kwenye bonde tarehe 22. Tarehe 23 walilima, na kwa kuwa udongo ulikuwa mkavu kiasi cha kuvunja majembe, wakaweka banio, yaani kizuizi cha kugeuza maji, kwenye kijito cha City Creek, wakayamwaga maji shambani. Viazi vilipandwa mara moja. Brigham Young, aliyekuwa mgonjwa nyuma, alifika tarehe 24. Tarehe 28 akaonyesha mahali pa hekalu. Upimaji wa vitalu ulianza Agosti. Mfuatano ni huo: mfereji, hekalu, ramani. Vitabu vingi huanza na ramani kwa sababu ramani ndiyo iliyohifadhiwa kwenye makabati.

Nimeuchukua mwinuko wa laida nikauweka chini ya mistari ya barabara. Mchoro wa 1833 ni karatasi bapa, hauna mteremko wowote. Bonde lina mteremko. Maji yaliletwa kutoka kwenye korongo la City Creek, upande wa kaskazini, yakashushwa kwa mifereji kandokando ya barabara, na kila kiwanja kilichota kutoka barabarani. Hapo upana wa futi 132 unapata kazi ambayo aliyeuchora hakuifikiria: mfereji huku na huku, miti kando ya mfereji, na bado gari linapita. Na viwanja vya Salt Lake City havikuwa vya nusu ekari bali ekari moja na robo, vinane kwa kila kitalu, kwa sababu nyumba ilihitaji bustani yake, miti yake ya matunda na zizi lake hapohapo. Ile amri ya mabanda kuwa nje ya mji ilikufa kimyakimya. Richard Francaviglia, mwanajiografia aliyeizunguka miji hii, aliyataja mabanda na maghala ya nafaka ndani ya mji kuwa moja ya alama za kuitambua, pamoja na mifereji ya barabarani.

Sasa, nani anagawa maji? Mwaka 1849 jiji liligawanywa kata 19, nyingi zikiwa na vitalu tisa, kila kata na askofu wake. Askofu huyo hakuwa wa mimbari tu. Alisimamia uzio, madaraja, mifereji na zamu. Brigham Young alikuwa ametangaza mapema kwamba hakuna atakayemiliki vijito vinavyotoka milimani. Ukitaka maji, unatoa kazi kwenye mfereji kulingana na ardhi yako, na ukipangiwa zamu saa nane usiku, unaamka saa nane usiku na koleo lako. Anayejua msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, hahitaji kufafanuliwa hili. Tofauti ni kwamba hapa anayekuita kwenye msaragambo ndiye anayepokea zaka yako, ndiye anayekusikiliza ukitubu, na akigombana nawe kwa jambo la imani, shamba lako liko chini ya mfereji wake.

Hii ndiyo nguvu ambayo gridi, yaani ile miraba ya vitalu na barabara, haina. Gridi inakaa tu. Mfereji unahitaji watu wale wale wakutane kila majira ya kuchipua kuuzibua matope, na usipozibuliwa mwaka mmoja, mti unakufa na kila mtu anaona.

Andiko walilolirudia ni Isaya 35:1: "Nyika na mahali palipo ukiwa patafurahi, jangwa litashangilia, na kuchanua maua kama waridi." Bonde hilo halikuwa ukiwa. Washoshone, Wagoshute na Waute walikuwa wakiishi kwa mbegu za nyasi, samaki na wanyama wa mabonde hayo hayo, na vijito vilivyogeuzwa kwenda mashambani ndivyo vilivyokuwa vikinywesha nyasi hizo. Kwenye ramani za upimaji za kwanza ninazozitumia, mwenyeji huonekana, akionekana, kama mstari wa njia usio na jina. Nimefungua tabaka la pekee kwa njia hizo. Neno "jangwa" kwenye mahubiri nalihesabu kuwa sehemu ya mandhari, kwa sababu lilifanya kazi: lilisafisha ardhi kabla jembe halijaigusa.

Jambo la sheria, ambalo linaeleza mengi: ofisi ya ardhi ya shirikisho ilifunguliwa Salt Lake City mwaka 1869 tu. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna mkazi aliyekuwa na hati inayotambuliwa na Washington. Kiwanja kilikuwa chako kwa sababu kanisa na jirani walisema ni chako. Na sheria ya makazi ya 1862 ilimtaka mwombaji aishi juu ya ekari zake 160, wakati kijiji cha Kimormoni kinataka mkulima aishi mjini na kuwa na kipande kidogo nje. Dawa waliyoipata ni mmoja kuandikisha kwa jina lake, kisha kuwagawia wenzake kimyakimya. Kwa hiyo mipaka ya hati na mipaka ya shamba halisi havilingani, na asiyelijua hili atadhani ramani zimekosewa.

Juni: Iosepa

Nimefika Skull Valley, magharibi ya milima ya Stansbury. Upepo hautulii. Ardhi kubwa ya mji wa zamani ni ranchi yenye uzio, kwa hiyo nimefanya kazi kwenye makaburi na kando ya barabara ya umma, mengine nikiyatazama kwenye laida. Kuruka uzio wa mtu si utafiti.

Iosepa uliundwa Agosti 1889 kwa ajili ya Wahawaii walioamini fundisho la kukusanyika Sayuni na kuhamia Salt Lake City. Jina ni Josefu kwa Kihawaii, kwa heshima ya Joseph F. Smith, mtoto wa kaka yake Joseph Smith, aliyekuwa mmisionari visiwani akiwa kijana. Mjini hawakupokelewa kama ndugu. Walibaguliwa kwa rangi, kazi zilikuwa ngumu kupata, na uvumi juu ya ukoma uliwaandama. Suluhisho la kanisa lilikuwa kuwanunulia ranchi mbali na mji. Unaweza kuita hisani. Ukiangalia umbali kwenye ramani, na milima katikati, unaona pia kitu kingine.

Na bado mji ulipimwa kama Sayuni, vitalu na barabara zilizonyooka, zikiwa na majina ya Kihawaii. Kuanzia 2008 Pykles na wenzake walichimba hapa wakitafuta maisha ya nyumbani: watu hawa walibaki Wahawaii kiasi gani, wakawa Wamormoni wa Utah kiasi gani, na je, hayo mawili yalipingana kweli? Swali hilo linanisaidia kwa sababu gridi peke yake haiwezi kulijibu. Gridi ya Iosepa inasema tu kwamba mpimaji alitoka Salt Lake City.

Mifereji inasema zaidi. Vijito vinatoka mashariki, kwenye Stansbury, mteremko unashuka magharibi. Kwenye laida kuna mistari myembamba inayofuata mteremko huo kuelekea kwenye vitalu. Ipi ni mifereji na ipi ni njia za ng'ombe ndiyo kazi iliyonikalisha usiku. Kigezo ninachotumia: ng'ombe anapanda kilima, maji hayapandi. Mji ulipata baadaye maji ya bomba yenye msukumo, na mabomba ya zimamoto yamo kati ya mabaki yanayojulikana. Ulipandwa mamia ya miti ya jozi na ya matunda, pamoja na miwaridi ya manjano, na mwaka 1911 ulituzwa na jimbo kwa kutunzwa vizuri kuliko miji mingine. Wahawaii waliosukumwa nje ya macho ya watu ndio waliolitimiza lile andiko la Isaya kwa herufi zake, hadi na maua.

Tofauti na kijiji cha kawaida ni umiliki. Shamba lilikuwa la kampuni ya kilimo na mifugo iliyoundwa na kanisa, na wakazi wengi waliifanyia kazi kwa ujira. Kwa hiyo mfereji wa Iosepa unafanana kabisa na mfereji wa kijiji kingine cha Utah ukiutazama kutoka juu, lakini anayeuzibua hapa anazibua maji ya mwajiri. Zamu ya maji haikumfanya mwenye hisa. Hili halionekani ardhini hata kidogo. Linaonekana kwenye karatasi za kampuni, na ndiyo sababu siamini mtu anayejidai kuisoma itikadi kwa laida peke yake.

Mwaka 1917 mji ulihamwa. Haukufa kwa kiu. Mwaka 1915 Joseph F. Smith, ambaye sasa alikuwa rais wa kanisa, alitangaza kujengwa kwa hekalu huko Laie, kwenye kisiwa cha Oahu, Hawaii, na wengi walirudi nyumbani. Hekalu liliwekwa wakfu mwaka 1919. Fundisho lenyewe lilikuwa limebadilika: Sayuni ilianza kujengwa pale mtu alipo, haikuhitaji tena kumng'oa baharini na kumleta chini ya Stansbury. Ardhi iliuzwa kwa kampuni ya mifugo. Katika miaka hiyohiyo ya 1910 serikali ilikuwa ikiwatengea Wagoshute hifadhi yao kwenye bonde hilihili, nao wapo hadi leo.

Makaburi yametunzwa. Kila mwishoni mwa Mei wajukuu na vitukuu hukusanyika hapa kwa chakula na nyimbo. Nilikuta shada za maua bado ziko juu ya makaburi, na makombe ya baharini juu ya changarawe ya jangwani.

Julai: kinachofuata

Tabaka la mifereji ya Salt Lake City limekamilika kwa upande wa kaskazini. Kusini, lilipokuwa shamba kubwa la pamoja lililozungushiwa uzio mmoja, bado. Iosepa nimeigawa mistari yake katika makundi matatu: mifereji ya hakika, njia za hakika, na ya kubishaniwa. La tatu ndilo kubwa.

Nimeomba kwa maandishi ruhusa ya kuingia upande wa ranchi baada ya mavuno ya majani. Nikipewa, kitu cha kwanza nitakachotafuta ni mahali pa banio, pale kijito kinapoacha mlima. Mistari mingine yote inaanzia hapo.